Nicosia: Usiku mmoja wa matembezi, vibanda viwili vya polisi

NICOSIA, mji mkuu wa kisiwa cha Kupro, una barabara moja ya waenda kwa miguu iitwayo Ledra. Ina maduka, mikahawa na vijana wengi nyakati za jioni. Anayeifuata kuelekea kaskazini hufika kwenye kibanda cha polisi, akavuka ukanda mfupi unaosimamiwa na Umoja wa Mataifa, kisha akakuta kibanda kingine chenye polisi wengine, bendera nyingine na lugha nyingine.

Kwa watalii walio wengi hizo ni dakika chache za kuonyesha pasipoti. Kwa wapenzi wa jinsia moja, kuanzia Aprili 2003 hadi Januari 2014, zilikuwa dakika za kutoka katika eneo ambalo sheria ilikwisha kuachana nao na kuingia katika eneo ambalo wanaume wawili waliweza kufungwa miaka mitano, kwa jambo lile lile ambalo jana yake, upande wa pili, halikuwa kosa.

Kifungo hicho hakipo tena. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini usiku wa matembezi mjini humo bado una mashaka yake hana budi kuanza na jinsi mji wenyewe ulivyokatwa vipande viwili.

PENSELI YA KIJANI

Kupro ilipata uhuru wake kutoka kwa Uingereza mwaka 1960, ikiwa na jamii kubwa mbili: Wagiriki wa Kupro, ambao ndio wengi na ni Wakristo wa Othodoksi, na Waturuki wa Kupro, ambao ni Waislamu. Desemba 1963 mapigano yalizuka baina yao. Ofisa wa jeshi la Uingereza, Meja Jenerali Peter Young, akachora juu ya ramani ya Nicosia mstari wa kuwatenganisha wapiganaji. Penseli aliyokuwa ameishika ilikuwa ya kijani, na ndiyo asili ya jina Mstari wa Kijani linalotumika hadi leo.

Julai 1974, baada ya mapinduzi yaliyoungwa mkono na watawala wa kijeshi wa Ugiriki, majeshi ya Uturuki yalivamia kisiwa na kushika sehemu ya kaskazini. Mwaka 1983 sehemu hiyo ilijitangaza kuwa dola, lakini ni Uturuki peke yake inayoitambua. Ukanda wa Umoja wa Mataifa unaotenganisha pande hizo una urefu wa kilomita 180. Mashambani kuna mahali upana wake unazidi kilomita saba. Ndani ya kuta kongwe za Nicosia kuna mahali ambapo majirani wa zamani wangeweza kupeana mikono kutoka roshani hadi roshani.

Kwa karibu miaka 30 wananchi wa kawaida hawakuruhusiwa kuvuka. Vizuizi vililegezwa Aprili 23, 2003, na Barabara ya Ledra yenyewe ikafunguliwa Aprili 3, 2008. Katikati ya matukio hayo mawili, Mei 1, 2004, Kupro iliingia katika Umoja wa Ulaya kisiwa kizima kwa jina, ingawa sheria za umoja huo hazitekelezwi kaskazini mpaka upatikane mwafaka.

SHERIA ILIYOACHWA NA MWINGEREZA

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hatakuwa mgeni wa sheria iliyokuwa ikitumika Kupro. Kanuni ya Adhabu ya kisiwa hicho, Sura ya 154, ilikuwa na kifungu cha 171 kilichoharamisha kuingiliana “kinyume cha maumbile” na pia uhusiano wa kimwili baina ya wanaume. Maneno hayo ni ndugu wa yale yaliyomo katika kifungu cha 162 cha Kenya na kifungu cha 154 cha Tanzania. Wanasheria hufuatilia ukoo wa kanuni hizo hadi kanuni ya adhabu ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899, ambayo maofisa wa Wizara ya Makoloni mjini London waliiona kuwa kielelezo kizuri cha kusambazwa katika himaya yao.

Upande wa kusini, aliyeitikisa sheria hiyo alikuwa mbunifu wa majengo, Alecos Modinos, ambaye mwaka 1989 alipeleka malalamiko yake Strasbourg, yaliko makao ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hakuwa ameshitakiwa. Serikali ilijitetea kwamba tangu mwaka 1981 hapakuwa na mtu aliyefikishwa mahakamani kwa kosa hilo, hivyo sheria ilikuwa imelala na haikumdhuru mtu.

Majaji hawakukubali. Katika hukumu ya Aprili 22, 1993, kwa kura nane dhidi ya moja, walisema kwamba sheria iliyolala inaweza kuamshwa siku yoyote na mwendesha mashitaka mwingine mwenye mtazamo mwingine, na kwamba kuwapo kwake tu ni kuingilia maisha binafsi ya raia. Miaka 12 kabla yake mahakama hiyo hiyo ilikuwa imetoa hukumu inayofanana na hiyo juu ya Ireland ya Kaskazini, katika shauri la Jeffrey Dudgeon. Nayo Ireland ya Kaskazini, itakumbukwa, ilikuwa eneo la mgogoro wa dini na mipaka ambako mapadre na wachungaji wa pande hasimu waligombana kwa kila jambo, isipokuwa hilo.

Bunge la Kupro lilichukua miaka mitano kutii hukumu hiyo, huku Kanisa la Othodoksi likipinga kwa nguvu zote. Kifungu kilirekebishwa Mei 21, 1998. Ni mwaka huo huo ambapo Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana na kukipandisha kifungu chake hadi kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Mabunge mawili yalirithi karatasi moja, na katika mwaka mmoja moja likaifuta na jingine likaikaza.

Kaskazini, karatasi hiyo ilibaki vilevile. Hapa pana kinaya ambacho wasafiri wengi hawakijui. Uturuki, ambayo majeshi yake ndiyo yanayolilinda eneo hilo, haina sheria ya namna hiyo: kanuni ya adhabu ya Dola ya Othmani ya mwaka 1858 haikulitaja kosa hilo, na Jamhuri ya Uturuki haikulirudisha. Waturuki wa Kupro hawakufungwa kwa sheria ya Istanbul wala Ankara. Walifungwa kwa sheria ya London, miongo kadhaa baada ya London yenyewe kuachana nayo.

Kwamba haikuwa imelala kweli lilidhihirika Oktoba 2011, pale mwanasiasa wa kusini aliyewahi kuwa waziri wa fedha alipokamatwa kaskazini pamoja na wanaume wengine wawili. Alizikanusha tuhuma, na baadaye, mwaka 2013, akateuliwa tena kuwa waziri wa fedha. Lakini picha na vichwa vya habari vilikwisha kusambaa pande zote mbili za mstari, na kila aliyekuwa akivuka usiku kwenda kwa rafiki yake aliupata ujumbe.

Mwaka uliofuata shauri lilifunguliwa Strasbourg. Kwa kuwa dola ya kaskazini haitambuliwi, haikuweza kushitakiwa. Iliyoshitakiwa ni Uturuki, kwa msingi wa hukumu ya shauri la Loizidou ya mwaka 1996 kwamba anayelishika eneo kwa jeshi anawajibika kwa haki za walio ndani yake. Kabla shauri halijafika kwenye hukumu, Januari 27, 2014, Bunge la kaskazini lilifuta vifungu hivyo. Palikuwa mahali pa mwisho barani Ulaya kufanya hivyo.

JIONI YENYEWE

Sasa chukulia wapenzi wawili, wanaume au wanawake, wanaofika Nicosia leo kwa mapumziko ya siku mbili. Wamefikia hoteli ya kusini na wanataka kula, kunywa na kucheza muziki.

Kusini sheria iko upande wao kuliko wakati wowote uliopita. Maandamano ya kwanza ya wapenzi wa jinsia moja mjini humo yalifanyika Mei 31, 2014, na yalihudhuriwa na maelfu ya watu ingawa Kanisa lilitoa tamko la kuyapinga. Novemba 2015 Bunge lilipitisha sheria ya ubia wa kiraia, inayowapa wapenzi hao hadhi inayokaribia ndoa bila ya kuitwa ndoa. Mwaka 2023 likaharamisha kile kinachoitwa tiba ya kuwabadilisha.

Lakini barabara si Bunge. Nicosia ni mji mdogo ambamo kila mtu ana binamu anayefanya kazi katika mkahawa fulani, na wenyeji wengi waliojitambulisha kwa rafiki zao bado hawajajitambulisha kwa mama zao. Wageni wawili walioshikana mikono watatazamwa, pengine watarushiwa neno. Mwenyeji hutazamwa na mtu atakayepiga simu nyumbani kwao. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya starehe hufanyika katika baa za mchanganyiko zisizo na kibao chochote mlangoni, au nyumbani kwa watu, na mgeni huzijua kwa kuambiwa.

Wakiamua kuvuka Ledra, kituo kiko wazi usiku kucha. Pasipoti hutazamwa na polisi wa kaskazini. Ile karatasi ndogo ya viza iliyokuwa ikigongwa muhuri iliondolewa mwaka 2015. Kamera hazitakiwi ndani ya ukanda. Fedha hubadilika kutoka yuro hadi lira ya Uturuki. Kuna majira ya baridi ambapo hata saa ilibadilika: Oktoba 2016 Uturuki ilikataa kurudisha saa nyuma, kaskazini ikaifuata, na hadi Machi 2017 aliyevuka barabara hiyo saa tano za usiku alijikuta saa sita. Waliokuwa na miadi katika upande wa pili walilazimika kuulizana kila mara, saa ya nani.

Upande wa kaskazini kuna Büyük Han, nyumba ya wageni iliyojengwa na Waothmani mwaka 1572, na pembeni yake vichochoro vyenye baa ndogo ambamo wanafunzi, wasanii na wageni huchanganyika. Wengi wa wenyeji hawazingatii sana dini, na wageni wawili wakikaa meza moja hakuna atakayewauliza wao ni nani kwa nani.

Onyo moja ni la lazima, kwa kuwa limewapotosha wengi. Kibao cha “klabu ya usiku” kaskazini si ukumbi wa kucheza muziki. Ni jina rasmi, linalotawaliwa na sheria maalumu ya mwaka 2000, la nyumba zilizoko zaidi kando ya barabara kuu nje ya miji, ambamo wanawake waliotoka nchi za nje huuzwa kwa wateja wa kiume. Mashirika ya haki za binadamu yamezilaumu kwa miaka mingi kuwa ni vituo vya biashara ya binadamu. Msafiri anayetafuta disko huulizia baa au disko.

Na iwapo litatokea la kutokea, yaani ugomvi, wizi au dereva wa teksi mwenye ulimi mbaya, ndipo siasa inapoingia mezani bila ya kukaribishwa. Hakuna nchi isipokuwa Uturuki yenye ubalozi kamili kaskazini, kwa sababu hakuna nyingine inayoitambua serikali ya huko. Polisi wa kusini hawawezi kuvuka kuja kusaidia, wala wa kaskazini kwenda kusini kufuata mshitakiwa. Bima ya gari iliyokatwa kusini haifanyi kazi kaskazini. Mtu aliyepigwa kwa sababu ya jinsi alivyo atapaswa kwanza kueleza alivuka vipi, saa ngapi na na nani. Na kwa mwenyeji, hayo ndiyo maswali asiyotaka kuyajibu.

HAKI KAMA BENDERA

Ukiyatazama mabadiliko ya pande hizo mbili, ni vigumu kutoona kwamba kila upande umeyatumia pia kujieleza kwa mwingine. Serikali ya kusini ilifuta sheria kwa shinikizo la Baraza la Ulaya, wakati ikibisha hodi Umoja wa Ulaya. Miongoni mwa Waturuki wa Kupro, hatua ya mwaka 2014 ilisomwa na wengi kuwa njia ya kusema kwamba wao nao ni Wazungu, na kwamba hawataki kumezwa na Ankara. Tangu mwaka 2015 mamlaka za Istanbul zimekuwa zikipiga marufuku maandamano ya wapenzi wa jinsia moja. Kaskazini mwa Nicosia, watu wa aina hiyo wamekuwa wakiandamana karibu na Mei 17, siku ya kimataifa inayokumbusha uamuzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1990 wa kuacha kuuhesabu ushoga kuwa ugonjwa.

Wanaharakati wenyewe wanaujua mtego huo. Chama cha Accept-LGBT Cyprus cha kusini na Chama cha Kuir Kıbrıs cha kaskazini vimeshirikiana kwa miaka mingi kuliko wanavyoshirikiana wanasiasa, ambao tangu kura ya maoni ya Aprili 24, 2004, Waturuki wakisema ndiyo na Wagiriki wakisema hapana, hawajakubaliana juu ya lolote kubwa.

Mahali wanapokutania panastahili kutajwa. Ng’ambo ya barabara kutoka iliyokuwa Hoteli ya Ledra Palace, ndani kabisa ya ukanda wa Umoja wa Mataifa, lilikarabatiwa jengo moja lililokuwa limetelekezwa, likafunguliwa mwaka 2011 kwa jina la Nyumba ya Ushirikiano. Lina mkahawa, ukumbi na bustani. Mikutano, filamu na hafla za wapenzi wa jinsia moja wa pande zote mbili zimefanyika humo. Kwa watu ambao familia zao zingeona haya kuwaona na mpenzi, na ambao majirani zao wangeona usaliti kuwaona na adui, ardhi isiyo ya yeyote kati ya hao ina faida yake.

WASIOWEZA KUVUKA

Yote yaliyoelezwa yanamhusu msafiri mwenye pasipoti nzuri. Kuna wengine.

Vyuo vikuu vya kaskazini vina maelfu ya wanafunzi kutoka Afrika, wakiwamo Wakenya, Wakongo na Watanzania, wanaofika kwa ndege kupitia Uturuki na kushukia uwanja wa Ercan. Kwa serikali ya kusini, uwanja huo ni njia isiyo halali ya kuingia nchini. Raia wa Umoja wa Ulaya aliyeingilia huko hupita Ledra bila ya taabu kubwa. Mwanafunzi wa Kiafrika mwenye kibali cha kaskazini pekee hapiti. Akionekana kusini anaweza kukamatwa kwa kuingia nchini kinyume cha sheria.

Kwa mwanafunzi anayependa wa jinsia yake, uzio huo una maana ya pekee. Ameondoka Nairobi, ambako Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta kifungu cha 162, au Kampala, ambako sheria ya mwaka 2023 imefika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Sasa anaishi mahali ambapo hafungwi. Lakini wanafunzi wenzake kutoka nyumbani wanaishi naye bweni moja, wanasali naye kanisa moja au msikiti mmoja, na habari husafiri hadi kwa baba yake upesi kuliko ndege. Ulinzi wa sheria za Ulaya unaanzia mita chache mbele ya kibanda asichoweza kukipita.

Wapo waliojaribu kupita kwingine. Mwaka 2021 wakimbizi wawili kutoka Kamerun, ambao suala lao halikuwa la mapenzi bali la vita vya kwao, waliruka ndani ya ukanda wa Nicosia kutoka kaskazini na wakakwama humo kwa miezi kadhaa ndani ya mahema, kusini ikikataa kuwapokea, mpaka walipoingizwa katika kundi la wakimbizi waliochukuliwa kwenda Italia kwa msaada wa Papa Francis. Tukio lao liliwafundisha wengine kwamba ukanda ule ni wa kunywa kahawa kwa wenye pasipoti, na ni wa kulala kwenye hema kwa wasio nayo.

Nyumba ya Ushirikiano iko katikati ya vibanda viwili. Anayetoka kaskazini huifikia bila ya kupita kile cha kusini, na anayetoka kusini bila ya kupita kile cha kaskazini. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kikenya na mpenzi wake mwenye pasipoti ya Ujerumani wanaweza kukaa humo jioni nzima, meza moja, mbele ya bustani. Mkahawa ukifungwa, mmoja hurudi kaskazini, na mwenzake huenda popote apendapo.